Kuweka sekunde tatu, kutoa siku tatu: hela ya kasino mtandaoni inakwama wapi hasa?

#1 Kapera_Kariakoo
Wakuu salaam. Niende kwenye hoja. Ukiweka hela kwenye kasino ya mtandaoni, simu haijarudi mfukoni salio limeshasoma. Ukiomba kutoa, inaandika "Inashughulikiwa" na inaganda hapo. Ombi lenyewe ni la 1,850,000, limekaa tangu Ijumaa jioni. Kampuni ina leseni ya hapa hapa Bongo, laini ni M-Pesa, hakuna ujumbe wa kukataliwa. Huduma kwa wateja wana sentensi moja tu: "ombi lako lipo kwenye uhakiki."

Kijiweni kuna sababu tatu zinazozunguka: kampuni haina floti (hela ya kulipia washindi), majina hayafanani, au wanavuta muda makusudi ili mtu achoke airudishe kwenye sloti. Wanaojua mfumo kwa ndani waje. Stori za "hata mimi yalinikuta" tuziweke pembeni, tupeane vitu vya kushika mkononi.

#2 Chumvi Kidogo
Nimewahi siti ya dirishani. Karanga ziko wapi?

#3 Fundi wa Malipo
Kuweka na kutoa ni mabomba mawili tofauti, hayakutani popote.

Unapoingia *150*00#, ukaweka namba ya kampuni na kumbukumbu namba, hela inaangukia kwenye akaunti ya makusanyo. Mtandao wa simu unaipa kasino taarifa papo hapo, mashine inasoma kumbukumbu namba, unaongezewa salio. Hakuna binadamu aliyegusa kitu.

Malipo ya washindi yanatoka akaunti nyingine, ambayo kampuni lazima iwe imeijaza mapema. Makusanyo yakiwa na milioni mia tano na akaunti ya malipo ina laki nane, wewe wa 1.85m hulipwi. Mhasibu ahamishe, na mara nyingi hela inazunguka benki kwanza. Sasa piga picha: Ijumaa jioni ofisi zimefungwa, Jumamosi na Jumapili mechi zote zinachezwa, mikeka (beti za mechi) inatiki, watu wanatoa. Jumapili usiku akaunti imekauka. Dalili yake: maombi madogo yanapenya, makubwa yanaganda, halafu Jumatatu mchana yanashuka kwa mkupuo.

Ukibonyeza "Toa", salio lako linapunguzwa kwanza kwenye daftari la kasino. Kisha ombi linapitishwa kwenye kanuni zao za ndani (kiasi, bonasi, jina, mchezo uliocheza). Likipita linatumwa mtandao wa simu. Mtandao unajibu "tumepokea", na hapa ndipo watu wanachanganya, maana "tumepokea" siyo "tumelipa". Jibu la malipo linakuja baadaye, peke yake. Likipotea njiani, kasino itaendelea kuonyesha "Inashughulikiwa" hata kama hela imeshaingia kwako, au imeshagoma.

Kwa hiyo usianze na kelele. Toa taarifa fupi ya M-Pesa uone kama haikuingia kimya kimya. Halafu waombe kumbukumbu namba ya muamala ya mtandao wa simu, siyo namba ya ombi lao. Wakikupa, piga 100, Vodacom wataifuatilia. Wakibabaika, jua hela haijatoka kwao kabisa.

#4 Kobe Mzito
Fundi umeandika vizuri ila unawapamba. Kampuni inayopokea dau mamilioni ya mara kwa siku ishindwe kukadiria floti ya wikendi? Kila wikendi? Huo siyo uzembe, huo ni mpango.

#5 Afisa Mstaafu
Floti ya #3 haielezi kwa nini mtu wa elfu ishirini anaweza kukwama siku ileile wa laki tatu amelipwa. Uhakiki unaeleza.

Sheria yetu ya utakasishaji wa fedha haramu ya 2006 inawaweka waendesha kasino kwenye kundi la wanaotakiwa kumtambua mteja na kutoa taarifa za miamala yenye shaka. Tanzania iliingia orodha ya kijivu (nchi zinazofuatiliwa kwa karibu) ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, Oktoba 2022, ikatoka Juni 2025. Kipindi hicho chote wasimamizi walikuwa wanabana, na kubana huko hakukuisha siku tulipotoka.

Mambo yanayokamata ombi, kwa uzoefu wa faili:

Jina. NIDA ina majina matatu, akaunti ya kasino mtu kajaza "Juma J", laini imesajiliwa kwa alama za vidole vya mke au shemeji. Mashine inalinganisha jina la akaunti na jina linalorudi kutoka mtandao wa simu. Lisipolingana, faili linaenda kwa mtu, na mtu huyo wikendi hayupo.

Tarehe ya kuzaliwa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ndiyo tarehe yako ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Ukijisajili 1 Januari 1990 kwa uvivu na namba inaanza 19930614, umejiripoti mwenyewe.

Picha. Kitambulisho kionekane pembe zote nne, bila mwanga wa flashi kufuta namba, bila kukatwa kingo. Nakala ya fotokopi inakataliwa. Selfi unakishika kitambulisho, uso na kadi vyote visomeke.

Na hela iliyoingia ikaombwa kutoka bila kuchezwa. Kampuni nyingi zinataka kiasi ulichoweka kiwe kimezungushwa (kimebetiwa) angalau mara moja, maana kuingiza na kutoa hivi hivi ndiyo alama ya kwanza ya kusafisha hela.

#6 Chumvi Kidogo
Kumbe wanaojisajili kwa laini ya shemeji mpo wengi. Shemeji akiona 1.85m imeingia kwenye laini yake, uhakiki atakaofanya yeye hata FATF hawauwezi.

#7 Mama Floti
Mimi niko upande wa kibanda, niseme moja tu. Msituletee mawakala lawama. Hela ikishaingia kwenye simu yako, kasino imemaliza. Ukikuta imepungua, angalia Songesha (mkopo wa M-Pesa) kwanza. Kama ulisongesha wiki iliyopita, ikiingia tu inakatwa juu kwa juu, unabaki unalalamika kasino imekudhulumu. Na mtu akija na milioni moja na nusu kibanda cha mtaani saa mbili usiku, noti hizo hatuna. Gawanya, nenda wakala mkuu au benki.

#8 Likoni Feri
Kwetu Kenya ni Fuliza, habari ni ile ile. Ikiingia inakula deni lake kwanza.

La pili, angalieni kikomo cha akaunti. M-Pesa ya Kenya muamala mmoja mwisho 150,000 na akaunti haishiki zaidi ya 300,000. Ukishinda laki sita lazima ije vipande.

#9 Mtu wa Thika
Likoni, hizo ni za zamani bana. Tangu Agosti 2023 muamala mmoja ni 250,000 na akaunti inashika mpaka 500,000. Lakini hoja yako inasimama: laki sita ikija 250, 250 na 100, kile kipande cha mwisho kinagonga ukuta kama hujatoa kitu. Kinarudi kwa kampuni, na mifumo mingine haikirudishi kwa salio lako mpaka mtu akae chini alinganishe vitabu. Utaona "imefaulu" kwao na kwako hakuna kitu. Kabla ya kuomba pesa kubwa, punguza salio la M-Pesa, peleka benki.

Pia wakiitisha taarifa ya M-Pesa, ile PDF inakuja imefungwa kwa nambari ya siri inayotumwa kwa SMS. Watu wanaituma ikiwa imefungwa, mhakiki hawezi kuifungua, ombi linakataliwa "hati haisomeki". Ifungue, uichapishe upya kama PDF isiyo na kufuli, ndio utume.

#10 Likoni Feri
Sawa Thika, nimekubali, 250 na 500. Shukran.

#11 Kapera_Kariakoo
#5, majina yanafanana, laini ni yangu, nimekagua. Ila kitambulisho sikuwahi kupakia, hawakukiomba wakati wa kujisajili. Nimekipakia leo Jumapili. Anwani wanataka "bili ya huduma". Bili ipi na umeme ni LUKU?

#12 Afisa Mstaafu
Hilo ni pigo la mifumo iliyonunuliwa nje. Mwandishi wa fomu alikuwa anafikiria nchi ambayo bili ya umeme inakuja kwa posta ikiwa na jina na mtaa. Risiti ya LUKU ina namba ya mita na tokeni, haikusaidii. Wape taarifa ya benki ya miezi mitatu ya karibuni yenye jina na anwani, hiyo inapita karibu kila mahali. Barua ya serikali ya mtaa yenye muhuri inakubalika kwa kampuni za hapa. Kwa kasino za ng'ambo hawajui ni kitu gani.

#13 Hesabu Haina Ndugu
Mbona hakuna anayemuuliza mleta uzi swali la kwanza kabisa: ulichukua bonasi? Nusu ya "wamenizuia" zote ni bonasi ambayo haijazungushwa.

Hesabu iko hivi. Umeweka 50,000, ukapewa bonasi ya 100%, yaani 50,000 nyingine, sharti mara 35. Kama ni mara 35 ya bonasi, unatakiwa kubeti jumla ya 1,750,000 kabla ya kutoa. Kama ni mara 35 ya amana na bonasi kwa pamoja, ni 3,500,000. Maneno mawili kwenye masharti yanabadilisha hesabu nzima.

Sloti ya marejesho ya 96% inakula wastani wa 4% ya kila unachobeti. 4% ya 1,750,000 ni 70,000. Yaani zawadi ya 50,000 inakugharimu 70,000 kwa wastani kabla hujaifikia. Kwa lile sharti la pili ni 140,000.

Na usidhani utakimbilia ruleti kwa sababu nyumba (yaani kasino) inachukua 2.7% tu. Kwenye masharti mengi dau la ruleti linahesabika 10% tu. Ili kutimiza 1,750,000 unabeti 17,500,000, na 2.7% yake ni 472,500.

Kisha kuna kikomo cha dau ukiwa na bonasi. Wakisema mwisho 10,000 kwa mzunguko na ukapiga mmoja wa 12,000, mmoja tu, wana haki ya kufuta ushindi wote. Mfumo haukuzuii wakati unapiga. Unakukamata wakati wa kutoa.

#14 Chumvi Kidogo
Vipi kindege? Aviator marejesho yake 97%. Hapo 3% ya 1,750,000 si ni 52,500? Karibu tunafungana.

#15 Hesabu Haina Ndugu
Karibu, ila bado uko chini 2,500, na hiyo 97% ni wastani wa mizunguko mingi mno, siyo ahadi ya jioni moja. Pia michezo ya aina ya kindege mara nyingi imeorodheshwa kuwa haihesabiki kwenye bonasi, au ukiicheza na bonasi umevunja masharti. Na kabla hamjauliza: programu za "kutabiri kindege" zinazouzwa Telegram ni utapeli, zote.

#16 Kapera_Kariakoo
Bonasi sikuchukua.

#17 Hesabu Haina Ndugu
Uliikataa, au hukuiona? Kuna kampuni kibox cha bonasi kinakuja kimeshatikiwa. Ingia historia ya bonasi, siyo ukurasa wa salio.

#18 Mgeni wa Leicester
Nawasalimu kutoka baridini. Kwa upande wa Kobe (#4), hoja ya kuvuta muda siyo ndoto za kijiweni. Uingereza Tume ya Kamari ilipiga marufuku kitufe cha kufuta ombi la kutoa na kurudisha hela mchezoni, kuanzia 31 Oktoba 2021. Hawakupiga marufuku bure. Ombi likikaa "linasubiri" huku kitufe cha "ghairi" kikiwaka kijani pembeni, sehemu ya watu watakibonyeza.

Jambo la pili, tangu 7 Mei 2019 kampuni za huku lazima zimtambue mteja kabla hajacheza. Hawaruhusiwi kukuachia uweke hela mwezi mzima halafu siku ya kutoa ndiyo wakuombe kitambulisho walichoweza kukiomba siku ya kwanza. Bongo kwa maelezo ya #11 ndicho kilichotokea. Hilo nalo ni chaguo la kampuni.

#19 Fundi wa Malipo
Kitufe cha ghairi kipo, sikatai. Lakini kina sababu ya kiufundi pia: mtu akikosea namba au kiasi, lazima kuwe na njia ya kurudi kabla ombi halijatumwa.

#20 Kobe Mzito
Njia ya kurudi ya dakika kumi inatosha kusahihisha kosa. Ya saa sabini na mbili inatosha kumaliza mshahara.

#21 Mtu wa Thika
Hakuna mtu ameongea ushuru. Hapa Kenya ni 20% ya ushindi, wanakata wenyewe.

#22 Likoni Feri
Zamu yangu kukusahihisha, ndugu yangu wa Thika. Hiyo 20% ilikufa. Kuanzia 1 Julai 2025 ni 5% ya unachotoa kwenye mkoba, na ushuru wa bidhaa ni 5% ya unachoweka. Kabla ya hapo ulikuwa 15% ya dau.

Watu walifurahia 5% bila kuangalia inakatwa wapi. Zamani kama hukushinda hukukatwa ile 20%. Sasa ukiweka 1,000 inasoma kama 950. Badilisha mawazo, usicheze hata mara moja, toa: 5% ya 950 ni 47.50, unapokea 902.50. Karibu shilingi mia zimekwenda na hukubeti. Mwenye tabia ya kutoa jioni na kurudisha asubuhi anajilipisha karibu 10% kila mzunguko.

#23 Mtu wa Thika
Wueh. Hiyo nimeikubali kwa uchungu.

#24 Afisa Mstaafu
Kwa Tanzania sitaji kiwango hapa, maana kinaguswa karibu kila Sheria ya Fedha na hakifanani kati ya mikeka na kasino. Angalia mchanganuo wa muamala wako: ushindi, kodi ya zuio, kiasi cha kulipwa. Cha kushika ni hiki: kodi inakatwa ndani ya ushindi, kampuni inaipeleka TRA. Yeyote anayesema "tuma kwanza 185,000 ya kodi ndipo tukuachilie 1,850,000" ni tapeli, awe na nembo ya nani. Mkilipa kodi inafuata "ada ya kufungua akaunti", kisha "bima ya muamala", haiishi.

#25 Mama Floti
Hao nawaona kila wiki. Dalili yao iko kwenye namba. Kampuni halisi inapokea kwa namba ya kampuni na jina la kampuni linatokea kabla hujaweka PIN. Hao wanakupa namba ya mtu, "tuma kwa ajenti wetu", jina linatokea la mtu binafsi. Mteja ukimwambia acha, anakununia.

#26 Chumvi Kidogo
Na ajenti huwa anaitwa "Meneja", picha yake ana suti ya bluu na saa kubwa.

#27 Mngazija Halisi
Ongezeni kasino zenye leseni za nje, maana wengi mnacheza huko bila kujua. Shuka chini kabisa ya ukurasa. Mkikuta Curaçao (kisiwa cha Karibi), wana sheria mpya tangu Desemba 2024. Kabla ya hapo leseni kuu chache zilikuwa zinazaa leseni ndogo kama uyoga. Na zipo zinazoandika Anjouan. Hiyo ni Nzwani, kisiwa chetu cha Komoro, bahari ile ile. Kasino ya mtu aliyekaa Ulaya, seva ziko kwingine, leseni ya Nzwani, mchezaji yuko Mbagala. Ikigoma kukulipa utapanda boti ya wapi?

#28 Mgeni wa Leicester
😂 Boti ya Moroni inaondoka lini?

Lakini mahakama wakati mwingine husaidia. Andrew Green alishinda zaidi ya pauni milioni 1.7 kwenye blackjack (mchezo wa karata) ya kampuni ya Betfred mwaka 2018, wakakataa kulipa wakisema mchezo ulikuwa na hitilafu. Mahakama Kuu ya Uingereza ikaamua kwa ajili yake 2021: kile kifungu cha hitilafu kilikuwa kimeandikwa vibaya na kufichwa kwenye msitu wa masharti.

#29 Afisa Mstaafu
Usimpe mtu matumaini ya upande mmoja. Joan Parker-Grennan alidai pauni milioni moja kwa Camelot, waliokuwa waendeshaji wa bahati nasibu ya taifa ya Uingereza, kwenye mchezo wa papo kwa papo. Skrini ilionyesha namba zimelingana, kampuni ikasema ushindi halali ni pauni 10. Akashindwa, na Mahakama ya Rufani ikamkatalia 2024. Masharti yake yalisema wazi matokeo rasmi ni yaliyo kwenye seva, siyo yanayoonekana kwenye skrini. Hivyo picha ya skrini inasaidia, haitoshi.

#30 Fundi wa Malipo
Hapo kwenye seva kuna sababu ya nne ambayo haijatajwa. Sloti nyingi siyo za kasino, ni za mtengenezaji mwingine, na kila mzunguko una namba yake kwenye seva ya mtengenezaji. Mtandao ukikatika katikati ya mizunguko ya bure, mzunguko unabaki wazi. Kasino nyingine hazitoi hela ukiwa na mzunguko wazi. Dawa: fungua mchezo uleule, uache umalize, utoke vizuri, ndipo uombe upya.

Na jakipoti za mtandao, mfano Mega Moolah, mfuko wake haukusanywi na kasino moja. Unachangiwa na kasino nyingi na uhakiki unafanywa na wenye mchezo. Hapo kusubiri ni kawaida.

#31 Likoni Feri
Mbona hamsemi habari ya kutoa kwa USDT (sarafu ya kidijitali)? Dakika tano imefika, hakuna kikomo cha M-Pesa.

#32 Hesabu Haina Ndugu
Dakika tano kama hukukosea mtandao wa sarafu (TRC20, ERC20 au BEP20). Anwani ya TRC20 inaanza na herufi T. ERC20 na BEP20 zote zinaanza 0x na zinafanana, hapo ndipo balaa. Ukichagua BEP20 kwenye kasino na soko lako la sarafu linapokea ERC20 pekee, hela haionekani. Kama 0x hiyo ni ya mkoba wako mwenyewe wenye maneno ya siri, badilisha mtandao ndani ya mkoba utaiona. Kama ni ya soko, unaandika barua na kusubiri huruma yao.

#33 Mtu wa Thika
Na ukishaiuza kwa mtu binafsi, jina la aliyetuma M-Pesa lilingane na jina lililo sokoni. Lisipolingana usiachilie sarafu. Kuna wanaolipa kisha wanatuma ule ujumbe kwa 456 ya Safaricom kuomba irudishwe. Au hela yenyewe ni ya mtu aliyetapeliwa, na laini inayofungiwa ni yako.

#34 Msimamizi
Sarafu za kidijitali zina jukwaa lake. Turudi kwenye mada.

#35 Kapera_Kariakoo
Taarifa. Leo Jumatatu saa tano na dakika kumi asubuhi imeingia 1,000,000. Iliyobaki 850,000 bado "Inashughulikiwa". Hakuna maelezo.

#36 Fundi wa Malipo
Jumatatu, saa tano asubuhi. Sina la kuongeza.

#37 Afisa Mstaafu
Kitambulisho kimepakiwa Jumapili, mhakiki kaingia kazini Jumatatu asubuhi. Hata mimi sina la kuongeza.

#38 Kobe Mzito
Wamekupa kubwa upoe, wamekuachia 850,000 ikutazame na kitufe chake cha kijani. Kipo au hakipo?

#39 Kapera_Kariakoo
Kipo.

#40 Hesabu Haina Ndugu
Wote mnapigana na hamjasoma masharti. Milioni moja kamili, namba ya mviringo. Tafuta kifungu cha kikomo cha kutoa kwa siku. Nyingi zina kikomo cha siku na cha wiki, na maombi makubwa yanakatwa vipande yenyewe.

#41 Fundi wa Malipo
Kikomo cha siku kingekuwa ndicho, kipande cha kwanza kingelipwa Ijumaa.

#42 Hesabu Haina Ndugu
Kingelipwa Ijumaa kama floti ipo. Unaona tunavyokubaliana?

#43 Mama Floti
Basi mwambieni afanye nini na 850,000, maana anasubiri.

#44 Afisa Mstaafu
Asighairi. Ukighairi na kuomba upya, mifumo mingi inakurudisha mwisho wa foleni na uhakiki unaanza upya. Aandike barua pepe, siyo gumzo la tovuti pekee, maana gumzo linafutika. Aweke: namba ya akaunti, tarehe na saa ya ombi, kiasi, kumbukumbu namba ya ile milioni iliyoingia, picha za skrini, na aulize swali moja: ombi limesimama kwa kifungu namba ngapi cha masharti? Wakikaa kimya, apeleke rundo hilo hilo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kama lalamiko la maandishi. Wao ndio wanaotoa leseni ya kampuni hiyo.

#45 Kobe Mzito
Na abadilishe nenosiri, aitoe programu kwenye simu mpaka hela iingie.

#46 Fundi wa Malipo
Akiitoa programu ataonaje hali ya ombi?

#47 Kobe Mzito
SMS ya M-Pesa inatosha.

#48 Tigo wa Zamani
Samahani wakuu, laini yangu ilikuwa Tigo Pesa sasa ni Mixx by Yas, na kasino kwenye orodha yao bado wameandika Tigo. Nikitoa itafika?

#49 Fundi wa Malipo
Itafika. Lililobadilika ni jina la huduma, namba ya simu na akaunti ni zile zile, hata menyu bado ni *150*01#. Toa kwanza kiasi cha chini kabisa wanachoruhusu, uangalie jina la mtumaji kwenye ujumbe, ndipo uombe kingine.

#50 Tigo wa Zamani
Asante. Kiasi cha chini ni 1,000, naanza na hiyo.

#51 Chumvi Kidogo
Usisahau kuleta mrejesho. Karanga zimeisha, naenda kununua nyingine.